Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu KPU, Chama cha Dume (1966–1969)

Kenya People's Union ilidumu miaka mitatu na nusu hivi, na haikupata hata viti kumi katika uchaguzi wake mkubwa wa kwanza na wa mwisho. Hata hivyo, sheria zilizotungwa ili kuizima ziliishi kuliko chama chenyewe. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye sheria, leseni na fomu, kwa sababu huko ndiko KPU ilikoshindwa zaidi kuliko kwenye sanduku la kura.

KPU ilikuwa chama gani?

Kilikuwa chama cha upinzani nchini Kenya, kilichoanzishwa 1966 na kupigwa marufuku tarehe 30 Oktoba 1969. Rais wake alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, na naibu wake Bildad Kaggia. Alama yake ilikuwa dume la ng'ombe, dhidi ya jogoo wa KANU, chama tawala, na neno "Dume!" likawa salamu na kelele ya mikutanoni. Kwa kuwa KADU, chama cha upinzani cha awali, ilikuwa imejivunja Novemba 1964 na wabunge wake kuingia KANU, KPU ndiyo iliyokuwa upinzani pekee bungeni kwa muda wote wa uhai wake.

Odinga na Kenyatta si walikuwa wandani? Waligombania nini?

Walikuwa wandani kweli. Mwaka 1958, Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya, akiwa bado amefungwa, Odinga ndiye aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba Kenyatta na wenzake bado ndio viongozi halisi wa Waafrika. Enzi hiyo kumtaja Kenyatta hivyo lilikuwa jambo la hatari. Uhuru ulipokuja, Odinga akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 akawa Makamu wa Rais.

Kiini cha ugomvi kilikuwa ardhi. Serikali iliyanunua mashamba ya walowezi kwa mikopo, sehemu kubwa kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, kisha ikawauzia Waafrika, nao wakabaki na deni la kulipa. Kaggia aliona huko ni kununua mali yako mwenyewe iliyoibwa. Alitaka wasio na ardhi, hasa waliopigana msituni katika Mau Mau na waliotoka kizuizini, wapewe bure. Mwaka 1964 alipoteza wadhifa wake wa naibu waziri wa elimu kwa sababu ya msimamo huo. Aprili 1965, katika mkutano wa hadhara, Kenyatta alimkejeli mbele ya watu: wenzake waliofungwa pamoja naye wamejijenga, yeye Kaggia amejifanyia nini? Ukitaka kuielewa KPU kwa tukio moja, lichukue hilo. Kwa upande mmoja, kujitajirisha kulikuwa ushahidi wa bidii. Kwa upande wa pili, kulikuwa ushahidi wa usaliti.

Mwaka huohuo serikali ilitoa Waraka wa Kikao Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao kwa vitendo ulilinda umiliki binafsi na mtaji wa kigeni. Waziri Tom Mboya ndiye aliyeusimamia. Kundi la Odinga liliusoma kama ubepari uliovishwa kanzu ya ujamaa.

Kulitokea nini Limuru?

Mkutano wa wajumbe wa KANU ulifanyika Limuru Machi 1966, Mboya akiwa Katibu Mkuu na mpangaji mkuu. Cheo cha naibu rais wa chama, alichokishika Odinga, kilifutwa. Mahali pake viliundwa vyeo vinane vya makamu, kimoja kwa kila mkoa na kimoja cha Nairobi. Hivyo mtu wa pili katika chama akageuzwa mmoja kati ya wanane, na katika hao wanane Odinga hakuwemo. Kaggia aligombea kiti cha Mkoa wa Kati na akashinda mara ya kwanza. Kura ikarudiwa, akashinda James Gichuru.

Wapo wanaosema Odinga alijitoa KANU kwa hasira. Huo ni usomaji mwepesi. Baada ya Limuru hakubaki na nafasi yoyote ndani ya chama ambamo angeweza kupigania jambo lolote.

Alijiuzulu lini, na nani walimfuata?

Aprili 1966 aliacha umakamu wa Rais. Joseph Murumbi alichukua nafasi hiyo kwa miezi michache, kisha Januari 1967 akaja Daniel arap Moi. Achieng Oneko, Waziri wa Habari, alijiuzulu siku chache baada ya Odinga. Kaggia na Oneko wote wawili walikuwa miongoni mwa wale sita wa Kapenguria, Kenyatta akiwa mmoja wao, waliohukumiwa 1953 katika kesi ya Mau Mau. Jambo hili huwasumbua wanaotaka kuiona KPU kama kundi la watu waliokuwa nje ya harakati za uhuru. Pia walifuata wabunge, maseneta na viongozi wa vyama vya wafanyakazi.

Kwa nini wabunge wa KPU walipoteza viti vyao?

Tuliangalie hili hatua kwa hatua, kwa kuwa ndipo ufundi ulipo.

Mwanzoni hakukuwa na sheria yoyote iliyomzuia mbunge kuhama chama. Wabunge wa KADU walihamia KANU mwaka 1964 na hakuna aliyerudi kwa wapiga kura. Odinga na wenzake walitarajia kufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili: wavuke ukumbi, wakae viti vya upinzani, mambo yaendelee.

Mwisho wa Aprili 1966 Bunge liliitwa kwa dharura, na marekebisho ya katiba yakapitishwa kwa haraka isiyo ya kawaida. Yalisema kwamba mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama, akijitoa katika chama hicho wakati bado ni chama cha bunge, yaani chama chenye wabunge, anapoteza kiti. Maneno "wakati bado ni chama cha bunge" hayakuwekwa bure. KADU haikuwepo tena, kwa hiyo waliotoka KADU hawakuguswa. Nyavu ilitegwa kwa samaki mmoja.

Baadhi ya waliokuwa wametangaza kuondoka KANU walipoona muswada unakuja walijaribu kurudi mbio. Waliobaki wakalazimika kugombea upya, wakiwa na majuma machache tu ya kuunda matawi, kutafuta fedha na kuwafundisha wapiga kura alama mpya. Redio ya taifa, Sauti ya Kenya, ilikuwa mikononi mwa serikali.

Matokeo ya uchaguzi huo yalikuwaje?

Uchaguzi huo ulifanyika Juni 1966 na watu wakauita Uchaguzi Mkuu Mdogo. Viti vilivyogombaniwa vilikuwa 29, yaani 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. KPU ilipata 9: saba vya Wawakilishi na viwili vya Seneti. KANU ilipata 20.

Lakini ukijumlisha kura zote, KPU ndiyo iliyoongoza. Si muujiza wala si lazima uwe wizi. Ni hesabu ya majimbo. Nyanza ya Kati KPU ilishinda kwa mafuriko, na kura zinazozidi zile za ushindi hazikuletei kiti cha pili. Kwingineko KANU ilishinda kwa tofauti ndogo zaidi, lakini kila ushindi ukawa kiti kizima.

Odinga alirudi bungeni kutoka Bondo. Kaggia alishindwa Kandara, na Oneko akashindwa Nakuru. Kushindwa kwa hao wawili kuliiumiza KPU kuliko idadi ya viti inavyoonyesha.

Basi KPU ilikuwa chama cha Wajaluo?

Ilikufa ikiwa inaonekana hivyo. Haikuzaliwa hivyo. Naibu rais wake alikuwa Mkikuyu wa Murang'a, na hoja yake kuu, ardhi kwa wasio nayo, iliwagusa zaidi watu wa Mkoa wa Kati na Bonde la Ufa kuliko Nyanza, ambako walowezi hawakuchukua ardhi kwa kiwango hicho. Ndiyo maana serikali ilimwandama Kaggia kwa nguvu. Odinga akiwa Nyanza angeweza kuelezwa kama kiongozi wa kabila. Kaggia akiwa Kandara angeweza kumuuliza mkulima maskini wa Kikuyu ni nani hasa aliyefaidi uhuru, na swali hilo halikuwa na jibu zuri.

Baada ya Kaggia kushindwa, na matawi ya nje ya Nyanza kunyimwa nafasi ya kufanya kazi, ngome pekee iliyobaki ikawa Nyanza ya Kati. Kisha wapinzani wao wakaionyesha kidole ngome hiyo: mnaona, chama cha kabila.

Ilikuwa ya kikomunisti?

Hapana, ingawa fedha za Mashariki zilikuwepo, kama zilivyokuwepo za Magharibi upande wa pili. Odinga alikuwa na marafiki Moscow na Beijing, akapeleka wanafunzi Ulaya Mashariki. Mboya alikuwa na marafiki katika vyama vya wafanyakazi vya Marekani, akapeleka wanafunzi Marekani kwa ndege. Aprili 1965 meli ya Kisovieti ilifika Mombasa na shehena ya silaha, Kenyatta akazikataa, na tukio hilo likatumiwa sana kumchafua Odinga.

Ilani ya chama ilidai ardhi kwa wasio nayo, elimu ya bure, serikali kumiliki njia kuu za uchumi, na kutofungamana na upande wowote kwa vitendo. Elimu ya bure ilikuwa pia ahadi ya KANU ya 1963. Odinga mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, mwanzilishi wa kampuni ya akiba na biashara ya Wajaluo miaka ya arobaini, na hakuwahi kupendekeza kufuta umiliki binafsi.

Chama kilichosajiliwa kihalali kilizuiwaje kufanya kazi?

Kwa njia nne, ambazo kila moja peke yake ilionekana kama jambo la kawaida la ofisi.

Ya kwanza ni leseni ya mkutano. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha mkuu wa wilaya, DC. Chama kiliandika ombi, kikataja mahali, siku na wasemaji, kikasubiri. Jibu likawa hapana kwa sababu za usalama, au likachelewa hadi siku ikapita. Ukikutana bila kibali, umevunja sheria. Mwaka 1968 Kaggia alifungwa gerezani kwa kuhutubia mkutano usio na leseni huko Nyanza Kusini.

Ya pili ni usajili wa matawi. Chama kusajiliwa Nairobi hakukutosha, kwani tawi nalo lilihitaji kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama. Tawi lisilosajiliwa halingeweza kukusanya ada wala kuomba leseni ya mkutano, na hapo unarudi kwenye njia ya kwanza.

Ya tatu ni kizuizini. Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma ilipitishwa Juni 1966, mwezi uleule wa uchaguzi mdogo, na ikaruhusu mtu kuwekwa ndani bila kufunguliwa mashtaka. Agosti 1966 walikamatwa watu wa karibu na KPU, akiwemo Ochola Mak'Anyengo, kiongozi wa wafanyakazi wa mafuta. Mpangilio huu una maana: ukiwaondoa wa vyama vya wafanyakazi, umekiondolea chama watu wanaojua kuendesha ofisi, kukusanya ada na kuitisha mkutano kwa siku mbili.

Ya nne ni tumbo. Mfanyabiashara aliyejulikana kuwa KPU alihofia leseni yake ya duka na mkopo wake. Hii haiachi maandishi mengi, na ndiyo iliyowarudisha wengi KANU kimyakimya.

Ni kweli wagombea wote wa KPU walienguliwa 1968?

Kweli, na hiki ndicho kisa ambacho wasomaji wengi hudhani kimetiwa chumvi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Agosti 1968, KPU ilipeleka wagombea wapatao 1,800. Wasimamizi wa uchaguzi, ambao walikuwa maofisa wa utawala, walizikataa karatasi zao za uteuzi wakisema hazikujazwa sawasawa. Wagombea wa KANU wakatangazwa kupita bila kupingwa.

Kwamba mgombea wa udiwani kijijini anaweza kukosea fomu, hilo linaingia akilini. Kwamba wote wa chama kimoja wakosee na wa chama cha pili wapatie, hapo kila mtu atumie akili yake.

Mwaka huohuo katiba ilibadilishwa tena na mgombea binafsi akaondolewa kabisa. Bila chama kilichosajiliwa hukuweza kugombea ubunge wala urais. Mlango wa nyuma ulifungwa kabla ya ule wa mbele.

Kwa nini uchaguzi mdogo wa Gem unatajwa sana?

Kwa sababu uliwaonyesha KANU kwamba hila hazijatosha. Mbunge wa Gem na Waziri wa Mambo ya Nje, C. M. G. Argwings-Kodhek, alifariki katika ajali ya gari Januari 1969. Kiti chake kilipogombaniwa Mei, Wasonga Sijeyo wa KPU alishinda kwa urahisi. Uchaguzi mkuu ulikuwa unakuja.

Kulitokea nini Kisumu tarehe 25 Oktoba 1969?

Inabidi kuanza na Julai. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi mchana, akitoka dukani katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Mboya alikuwa Mjaluo lakini adui wa kisiasa wa Odinga, na kwa miaka mingi ndiye aliyeizuia KPU isiwe sauti pekee ya Wajaluo. Kifo chake kiliwaunganisha watu ambao siasa ilikuwa imewatenganisha. Wakati huohuo viapo vilikuwa vikiliwa huko Gatundu, kuwafunga Wakikuyu na jamii jirani kwamba uongozi usitoke mikononi mwao. Kwa Kaggia kurudi KANU mwaka huohuo, mstari wa kabila ukawa umechorwa kabisa.

Katika hali hiyo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali mpya ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la "Russia". Msaada huo ulitokana na mahusiano ya Odinga mwenyewe. Umati ulipiga kelele za "Dume!". Kenyatta, kwa Kiswahili, akatoa hotuba yenye vitisho na matusi mazito, Odinga akiwa palepale. Vurugu zikazuka, na walinzi na polisi wakafyatua risasi kwenye umati wakati msafara ukiondoka. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 11. Watu wa Kisumu daima wametaja idadi kubwa zaidi, na waliouawa walikuwemo watoto.

Siku chache baadaye Odinga na wabunge wa KPU waliwekwa kizuizini, na tarehe 30 Oktoba chama kikapigwa marufuku. Uchaguzi wa Desemba ukafanyika kwa chama kimoja. Karibu nusu ya wabunge waliokuwepo walianguka, ishara kwamba hasira dhidi ya serikali haikuwa ya Nyanza tu. Huko Kisumu Mjini alichaguliwa Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini Kenya.

Walioshikwa waliachiliwa lini?

Odinga aliachiliwa Machi 1971. Oneko alikaa hadi 1975. Sijeyo alikaa hadi Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufa na Moi kuwaachilia wafungwa wa kisiasa. Odinga alirudi KANU lakini akazuiwa kugombea ubunge 1974.

Je, KPU ilifufuka kwa jina la FORD?

Si chama kilekile, ila baadhi ya watu ni walewale. Mwaka 1982 Odinga na George Anyona walijaribu kuanzisha chama kipya, na Bunge likajibu kwa kuweka kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Hadi hapo, tangu 1969, ilikuwa ya chama kimoja kwa hali halisi tu, bila katiba kusema hivyo. Wengi huchanganya miaka hiyo miwili. Kifungu kilifutwa Desemba 1991, miezi michache baada ya FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, kuundwa, Odinga akiwa miongoni mwa waasisi. Oneko alirudi bungeni 1992 kutoka Rarieda kwa tiketi ya FORD-Kenya. Odinga alifariki Januari 1994.

Sheria ya 1966 ya kuhama chama, kwa upande wake, haikufa. Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, alipoiacha FORD-Kenya na kwenda chama cha NDP, alipoteza kiti cha Lang'ata na ikabidi agombee upya mwanzoni mwa 1997. Alishinda.

Nikitaka kuchunguza mwenyewe, nianzie wapi?

Anza na kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, Hansard, za Aprili na Mei 1966. Kumbuka kwamba wakati huo mabaraza yalikuwa mawili na kila moja lina majalada yake, kwani Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi baadaye mwaka huo. Wanaokosa hotuba ya seneta fulani mara nyingi wametafuta katika jalada lisilo lake.

Kisha nenda kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, uombe majalada ya utawala ya Mkoa wa Nyanza. Barua za maDC kuhusu leseni za mikutano zina manufaa kuliko hotuba, kwa kuwa zinataja tarehe ya ombi, tarehe ya jibu na sababu iliyotolewa. Linganisha tarehe hizo mbili kabla ya kusoma sababu.

Magazeti ya wakati ule yasome mawili kwa pamoja, si moja. Na utafute kwa majina ya zamani: Nyanza ya Kati, si Siaya wala Kisumu, Nyanza Kusini, si Homa Bay, Government Road, si Moi Avenue. Majina ya watu pia huandikwa kwa namna tofauti, kwa hiyo mtu kama Mak'Anyengo mtafute kwa alama ya ritifaa na bila hiyo.